Kidonda kimepona, lakini kipimo bado

Kidonda cha upasuaji kikifunga na mgonjwa akarudi kazini, nyumba nzima hupumua. Hapo ndipo tarehe ya kurudi hospitali huanza kuonekana kama usumbufu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baba mmoja wa Saza, mkoani Songwe, aliyekatwa sehemu ya utumbo mpana kwa sababu ya saratani. Mwaka ulipotimia alikuwa anakula vizuri na analima kama zamani. Karatasi ya kliniki ilimtaka arudi Mbeya kwa kipimo cha kolonoskopi. Akagoma. "Siumwi popote. Nauli ya watu wawili na gharama za kipimo ni ada ya mtoto."

Mkewe hakubishia hesabu hiyo, maana ilikuwa ya kweli. Aliuliza tu: "Baba watoto, kabla hujaona damu chooni, ulikuwa unaumwa?"

Akanyamaza. Hakuwa anaumwa.

Saratani hii mara nyingi huanza na kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kinachokua kwa miaka bila maumivu. Katika kolonoskopi, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa. Akikiona kinyama, mara nyingi hukitoa hapohapo kabla hakijageuka saratani. Kwa kawaida kipimo cha kwanza hufanywa mwaka 1 hivi baada ya upasuaji. Utumbo ukiwa safi, kinachofuata ni baada ya miaka 3, kisha 5. Ni safari chache, zinazoweza kuwekewa akiba mapema.

Kazi ni maandalizi. Siku ya kuamkia kipimo mgonjwa huacha chakula kigumu, kisha hunywa dawa ya kusafisha tumbo inayompeleka chooni mara nyingi. Huwezi kuinywa Saza ukapanda gari la kupitia Mkwajuni. Wawili hao waliuza mpunga, wakafika Mbeya siku mbili kabla, wakalala kwa ndugu mwenye choo cha ndani. Kilionekana kinyama kimoja, kikatolewa.

Wengi hudhani huu ni ugonjwa wa wazee. Ken Okoth, mbunge wa Kibra nchini Kenya, aliueleza umma kuwa anaugua saratani ya utumbo mpana. Alifariki Julai 26, 2019, akiwa na miaka 41.

Ndiyo maana watoto wanahusika. Mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa yuko kwenye hatari zaidi ya wengine. Mara nyingi hushauriwa aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligundulika, kutegemea upi unatangulia. Baba huyu aligundulika akiwa na miaka 46, hivyo wanawe wataanza wakiwa na 36. Mzazi akiwaficha watoto ugonjwa wake, hawatajua lini waanze kupimwa.