Funika Reli Kabla ya Mavuno

Bungoma,
Mwezi wa Agosti

Mpwa wangu mpendwa,

Miwa imesimama vizuri, na nyanya yako anauliza kila jioni kama unakula sawasawa huko Kitale.

Ujumbe wako nimeupata na picha za mashine yako ya kuchonga chuma nimezitazama moja moja. Kifuniko cha mbele cha reli kimepasuka kwenye makunjo, cha nyuma kimekauka hadi kukatika karibu na skrubu, na kwa sasa umeziba kwa kipande cha gunia. Halafu umeniuliza kama akiba yako uitumie kununua kile kipimo cha dijitali cha meza. Hapana, usikinunue sasa. Anza na vifuniko. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu sitaki ulipokee hili kama amri ya mjomba. Nataka ulione mwenyewe.

Mashine yako ni ya ule mtindo wa goti na kichwa kinachogeuka ulioanzia mji wa Bridgeport, Marekani, mwaka 1938, kisha ukaigwa kila pembe ya dunia. Meza, tandiko lililo chini yake, vaisi na kazi uliyoibana, vyote hivyo vinatelezea juu ya reli za chuma cha kusubu, na kati ya chuma na chuma hakuna kitu ila utando mwembamba wa oili. Usahihi wote wa mashine umo humo. Mota ikiungua utapata nyingine, beringi zinauzwa, mkanda unauzwa. Reli ikilika, dawa yake ni kuipeleka kwa mwenye mashine kubwa ya kusaga nyuso, au kumtafuta fundi anayejua kuikwaruza kwa mkono, doa kwa doa, mpaka inyooke. Mafundi hao ni wachache sana, na kazi yao si ya siku moja.

Fikiria unapotengeneza puli kuukuu ya mashine ya posho. Shafti ya chuma laini hutoa maganda marefu yanayoonekana na kuokoteka, lakini puli ya chuma cha kusubu hutoa unga mweusi. Ganda lake la nje mara nyingi bado lina mchanga wa kalibu. Unga huo unapopita kwenye ule mpasuko na kukutana na oili, unageuka uji unaosaga, na kila ukizungusha mkono wa meza unausukuma mbele na nyuma juu ya reli. Gunia halizuii unga. Tena linanyonya oili, linaushika unga, na kuusugua mahali pale pale ulipotaka kupakinga.

Ubaya wake ni kwamba reli hailiki sawa kote. Kazi zako nyingi, mifereji ya ufunguo kwenye shafti, macho ya mnyororo, mabamba ya mashine za kupukuchua mahindi, unazifanyia katikati ya mwendo wa meza. Basi katikati ndiko kunakoliwa. Utasikia meza imelegea, utakaza kabari inayoibana, na pale katikati itatulia. Ukiipeleka mwisho, ambako reli bado ni nene, itakwama. Ukilegeza kabari ili ifike mwisho, katikati itacheza. Hapo hakuna spana itakayokusaidia tena.

Na kipimo cha dijitali? Kitakuonyesha meza imesogea milimita ngapi, wala hakitadanganya. Lakini hakioni meza ikiinama kidogo inapopita kwenye bonde la reli iliyolika. Utasoma namba safi kwenye kioo huku mfereji wa ufunguo ukienda upande. Mteja wako amebeba shafti kutoka Endebess au Kwanza kwa bodaboda. Akifika nyumbani na ufunguo haukai sawa kwenye puli, puli itayumba, mkanda utakatika, na kijiji kizima kitalala bila unga. Huyo harudi. Ndiyo maana nasema vifuniko kwanza.

Sasa tuje kwenye kitu cha kutumia. Najua vijana wako watakuletea tyubu ya tairi, kwa sababu imejaa kila gereji na haina bei. Ikatae. Tyubu nyingi ni za mpira wa butili, mpira hodari wa kuzuia hewa ila adui wa oili. Ukikaa kwenye oili unavimba, unalegea, unaning'inia, na mwisho unanaswa kati ya tandiko na goti. Mpira wa asili nao ni vile vile. Kwa kifuniko cha nyuma, kile kipande bapa, tafuta shiti la mpira wa nitraili, ule ule wa gasketi na sili za oili. Kwa kile cha mbele chenye makunjo, turubai zuri la lori linatosha kabisa, lile la nyuzi za polista lililopakwa plastiki pande zote mbili. Mafundi wanaoshona maturubai na viti vya matatu hawakosekani Kitale, na mabaki wanayo. Turubai hilo nalo litakuja kukakamaa baada ya kukaa na oili muda mrefu, lakini mpaka hapo litakuwa limelipa gharama yake mara nyingi.

Usimwamini muuzaji wala usiniamini mimi. Kata kipande cha milimita 50 kamili, kitie kwenye chupa yenye oili unayoweka kwenye reli, ukiache wiki nzima. Kitoe, kipanguse, kipime tena kwa kalipa. Kikiwa kimerefuka au kimekuwa laini kama ulimi, hicho si cha mashine. (Na oili yenyewe iwe ile ya reli, daraja la 68. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya matatu imejaa vumbi la chuma tayari; isifike hapo kamwe.)

Kupima ndiko kunakowashinda wengi. Wanapima kifuniko cha zamani, kilichokwisha kunyauka, wanakata cha kipimo hicho hicho, na siku ya kwanza meza ikivutwa hadi mwisho skrubu zinang'oka. Usipime kifuniko, pima nafasi. Kwa kipande cha nyuma, shusha goti hadi chini kabisa na ulete tandiko mbele hadi mwisho. Huo ndio umbali mkubwa kuliko wote, na hapo mpira usikazike, ubaki na ulegevu kidogo. Kisha pandisha goti na urudishe tandiko nyuma, utazame mpira unapojikunja. Ukigusa skrubu ya kuendeshea, upunguze au uuelekeze.

Kwa cha mbele, chukua mfano huu. Tuseme nafasi ikiwa wazi kabisa ni milimita 360. Kunjo lenye kina cha milimita 20 likinyooshwa kabisa lingekupa 40, lakini usilinyooshe hivyo, maana litachanika mgongoni. Lihesabu kwa 30. Kwa hiyo unahitaji makunjo 12. Sasa rudi upande wa pili wa hesabu: makunjo hayo yakifungwa, kila moja pamoja na mshono likichukua milimita 3, yote yatakula 36. Je, tandiko likiwa mbele kabisa pana nafasi ya 36? Kama haipo, kifuniko kitakunyang'anya sehemu ya mwendo wa meza, basi ongeza kina cha kunjo upunguze idadi. Chora kwanza kwenye katoni, uikunje, uijaribu mashineni, ndipo umpelekee fundi wa turubai.

Matundu ya skrubu yatoboe kwa kipande cha bomba kilichonolewa mdomo, yawe duara safi. Tundu lililokatwa kwa kisu lina pembe, na mpasuko huanzia kwenye pembe. Nimelitazama vizuri lile pengo la karibu na skrubu kwenye picha yako, ndivyo lilivyoanza. Juu ya turubai weka ukanda wa chuma bapa kutoka ukingo hadi ukingo, ndipo ukaze. Washa peke yake hubana mahali pamoja na kuacha pengine pakipumua.

Kabla ya yote hayo, zima umeme pale ukutani, ondoa vifuniko vya zamani, na osha reli kwa tambara na mafuta ya taa, wala si petroli. Vile vipanguo vidogo vya sufu kwenye ncha za tandiko vitoe uvibonyeze kwa vidole. Vikitoa uji mweusi, vitupe na ukate vipya. Kifuniko kipya juu ya kipanguo kichafu kinauficha uharibifu tu. Baada ya hapo pitisha oili mpaka uione ikitoka safi kwenye kingo.

Kuna jambo la huko kwenu ambalo sisi wa Bungoma hatulioni sana. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi inashuka kutoka Mlima Elgon, chuma kinapoa, na asubuhi hewa yenye unyevu ikiingia chini ya mabati yako inageuka matone juu ya reli. Kifuniko kinayafungia humo. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni kifungue upande mmoja, panguza, paka oili, kisha ukifunge. Ukikiacha msimu mzima wa mvua bila kukigusa, utakuta kutu imejichora sawasawa na makunjo.

Wale vijana wanaokuja kwako kufanya mazoezi kutoka Kitale National Polytechnic waambie jambo moja kwa ukali: hewa ya kompresa isielekezwe kwenye meza. Inasukuma chembe chini ya kifuniko chochote, hata kipya. Watumie brashi ya rangi, na kwa ule unga wa puli, sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wakiuvua mfuko kutoka kwenye sumaku, unga unadondoka wenyewe kwenye debe.

Mavuno ya mahindi yanaanza Oktoba, na kuanzia hapo hadi Desemba hutapata nafasi ya kuifungua mashine hiyo. Mashine za kupukuchua na za posho zitakuwa zimepanga foleni mlangoni kwako. Fanya kazi hii mwezi huu. Pima zile nafasi mbili, ya wazi na ya kufungwa, mbele na nyuma, unitumie namba hizo nne pamoja na upana kabla hujakata chochote. Shiti la nitraili nitakutafutia mimi huku.

Ni mimi, mjomba wako.