Moto wa Bweni Huanza Kabla ya Kibiriti

Katika mikutano ya wazazi huzungumzwa mambo mengi: karo, chakula, matokeo ya mitihani na ujenzi wa maabara. Jambo moja huachwa mpaka siku ya msiba, nalo ni jinsi vijana wetu wanavyodhuriana kwa kusudi ndani ya shule. Mimi ni mkulima wa kahawa, na kwa miaka sita sasa nimo katika halmashauri ya shule moja ya bweni ya wavulana. Niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana nadhani wengi wetu twalitazama jambo hili kutoka upande usiofaa.

Kwanza yafaa tukumbuke yaliyopita. Mwezi wa Julai mwaka 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana walilivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi wakanajisiwa. Mwaka 1999 viranja wanne wa Nyeri High School walimwagiwa petroli na kuchomwa moto chumbani mwao walipokuwa wamelala. Mwezi wa Machi mwaka 2001 bweni la Kyanguli, wilaya ya Machakos, liliteketea kwa moto uliowashwa kwa makusudi, na wavulana 67 wakafa. Mwaka 2017 wasichana 10 walikufa katika Moi Girls, Nairobi, na baadaye mahakama ikamtia mwanafunzi mmoja hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Kila tukutanapo kuyazungumza haya, hapakosi mzee wa kusema kwamba watoto wameharibika kwa sababu kiboko kimeondolewa shuleni. Namheshimu mzee huyo, kwa maana mimi pia nilisoma chini ya kiboko. Lakini na tuhesabu miaka. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Maovu ya St. Kizito na ya Nyeri yalitendeka wakati kiboko kilipokuwa bado halali. Basi ikiwa maradhi yalikuwapo wakati dawa ilipokuwa ikitumika, twawezaje kusema kwamba yameletwa na kukosekana kwa dawa?

Tena kiboko hakijaondoka kama tudhaniavyo. Mwaka 2010 serikali ilifanya uchunguzi juu ya mateso ya watoto nchini. Miongoni mwa vijana wa umri wa miaka 18 hadi 24, wavulana 73 katika kila 100, na wasichana 66 katika kila 100, walieleza kwamba walipigwa au kuumizwa kabla ya kufika miaka 18. Na wazazi na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mwenye nguvu husema kwa mkono, naye siku moja hupata nguvu, ama kwa kuwa kiranja, ama kwa kuwa na wenzake kumi na chupa ya petroli.

Mkulima wa kahawa hangoji buni zioze ndipo apulize dawa. Hutazama mawingu, akatangulia mvua. Mwaka 1996 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitamka kwamba jeuri ni jambo la afya ya watu wote, yaani lichunguzwe kama maradhi yachunguzwavyo: liko wapi, huja wakati gani, na huanzishwa na nini. Katika shule zetu dalili si za kufichika. Mioto mingi ya mwaka 2008 na ya mwaka 2016 ilitokea katika muhula wa pili, mitihani ya majaribio ilipokuwa ikikaribia. Tena bweni halichomwi na mtu mmoja aliyeamka na wazimu. Mara nyingi pametangulia manung'uniko ambayo hayakujibiwa, na minong'ono ambayo wengi waliisikia na hakuna aliyethubutu kuipeleka mbele.

Katika halmashauri yetu tulianza na milango. Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama wa shule mwaka 2008, nacho husema wazi: mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje, usifungwe kwa nje wakati watoto wamo ndani, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Tulipopima bwenini kwetu, baina ya vitanda palikuwa na nafasi ya shibiri mbili tu, na kila dirisha lilikuwa na vyuma. Mzazi mmoja alipinga visikatwe, akisema wezi wataingia na kuchukua magodoro. Nikamwambia kwamba godoro huuzwa dukani, na kwamba huko Kyanguli wavulana walikwama mbele ya mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Tulichanga fedha, na vyuma vikakatwa kabla ya muhula kwisha.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni kusikiliza. Tulipatana na mwalimu mkuu kwamba kila baada ya wiki mbili wajumbe wawili wa kila darasa, waliochaguliwa na wenzao, waketi na wazee wawili wa halmashauri pasipo mwalimu wala kiranja. Kila neno huandikwa, na sharti lijibiwe kabla ya kikao kifuatacho, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Walimu wengine waliona haya kuwa ni kuwapa watoto kichwa. Katika kikao cha kwanza tuliambiwa habari za maharagwe yenye wadudu, na za taa kuzimwa mapema. Kisha mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, bila kusema neno, alivua shati akatuonyesha mgongo wake. Kiranja mmoja alikuwa akiwapiga wadogo usiku kwa mshipi, na wakubwa wa darasa jingine walikuwa wamekwisha apa kulipa kisasi. Kiranja alivuliwa cheo, wazazi wake wakaitwa, na wale waliokula kiapo wakasemeshwa mmoja mmoja. Muhula ule ukapita salama.

Sisemi kwamba kijana anayechoma wenzake asihukumiwe. Sheria ipo, na damu ya mtoto hailipwi kwa maneno matamu. Lakini hukumu haimrudishi aliyekufa, nayo huja baada ya kaburi kufunikwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa kwa majeneza.

Basi, ndugu msomaji, ukienda shuleni siku ya kuwatazama watoto, usiishie kumpa wako mkate na fedha za matumizi. Nenda bwenini uone kama mlango hufunguka kwa nje. Uliza ufunguo hukaa kwa nani usiku. Kisha mwulize mwanao, mkiwa nyinyi wawili tu, akionewa humwambia nani, na mtu huyo alipoambiwa mara ya mwisho alifanya nini. Akikosa jibu la swali hili la tatu, usiondoke kabla ya kuonana na mwalimu mkuu.