Nyuso Tatu za Kitabuni

Jumatatu, 12 Mei 2025
PP2, darasa la pili la chekechea. Nimewaonyesha mchoro wa mchemraba nikauliza una nyuso ngapi. "Tatu!" wamejibu wote. Wamehesabu sawasawa: kitabuni zinaonekana tatu tu. Mtoto wa miaka mitano atazijuaje zile nyingine ilhali hajawahi kuushika na kuugeuza? Nimefunga kitabu. Kila mmoja alete kitu cha nyumbani, kisiwe cha glasi, kisiwe na makali. Hapa Kiamaiko, Nairobi, hilo la makali lazima nilitaje, maana wazazi wengi wako machinjioni na mbuzi tangu alfajiri.

Jumanne, 13 Mei
Meza imejaa viberiti, dadu za ludo, makopo ya maziwa, betri za redio, bano (gololi), mpira wa matambara, karatasi ya njugu iliyokunjwa vizuri ikawa umbo la pia. Mmoja ameleta sambusa za mamake. "Hiyo ni pembetatu!" Nimeweka pembetatu ya karatasi kando yake, nikawaambia waguse zote mbili. "Hii iko na tumbo, hii haina," amesema msichana wa dawati la mbele. Sina maelezo bora kuliko hayo.

Alhamisi, 15 Mei
Tumeinamisha ubao. Kabla ya kuachilia kitu, lazima useme kitafanya nini. Bano zinakimbia upande wowote. Kopo likilazwa linaviringika, likisimamishwa linateleza. Kiberiti kinateleza tu. Pia ndiyo iliyowashangaza: haishuki moja kwa moja, inapinda kufuata ncha yake. Wameirudia hadi kengele ya chai.

Ijumaa, 16 Mei
Leo mfuko wa kitambaa: ingiza mkono, usichungulie, taja ulichoshika. Maria Montessori aliwapa watoto wa San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma, mafunzo ya kugusa bila kuona katika nyumba yao aliyoifungua mwaka 1907. Kuna mvulana ambaye kwao wanaongea Kiborana. Darasani hunyamaza, na kwenye karatasi za mazoezi maumbo humshinda. Nimemwonyesha dadu, akatoa dadu nyingine. Nikamwonyesha kopo dogo, akatoa betri. Betri! Nyembamba, ndefu, haifanani na kopo kwa ukubwa wala rangi, lakini ameujua mcheduara kwa vidole. Karatasi za mazoezi zinapima kusoma michoro, halafu sisi tunaandika kwamba mtoto hajui maumbo. Jambo hili linaniuma, na nitalisema kwenye kikao cha walimu.

Jumanne, 20 Mei
Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, alikuwa akining'iniza maumbo ya mbao kwa uzi na kuyazungusha. Mimi nimechonga mchemraba wa sabuni. Ukizunguka kwa kasi, kona zinapotea na mcheduara unajitokeza. Ukisimama, kona zinarudi. Wamepiga makofi.

Alhamisi, 22 Mei
Tumechovya maumbo kwenye rangi na kugonga chapa. Dadu imeacha mraba, kopo duara, kiberiti mstatili. Sasa maumbo bapa yana kwao, yametoka kwenye vitu walivyoshika. Vitu kwanza, michoro baadaye: huu ndio mpangilio ninaouamini. Bano imeacha nukta tu.

"Ticha, duara lake liko wapi?"

Nimemjibu liko ndani. Kesho naja na kisu na machungwa: moja tutalikata katikati, lingine karibu na kikonyo, waone duara likibadilika ukubwa bila kuacha kuwa duara.