Taa ilipozimika kwenye barabara ya Nyabiondo

Masisi, Kivu ya Kaskazini – Motari mmoja wa wilaya ya Masisi, baba wa watoto wanne, siku hizi hapandishi mteja kabla ya kuwasha taa na kuzungusha usukani. Fundisho hilo alilipata usiku wa mvua, kwenye barabara inayotoka Walikale na kupita Nyabiondo kuelekea Masisi-Kati.

Alikuwa amebeba mama mmoja aliyehama vita, na mtoto mwenye homa kali mgongoni, wakikimbilia hospitali. Kwenye mteremko taa ya mbele ikazimika. Injini ilinguruma, honi ililia, taa ya nyuma iliwaka. Mbele giza tupu.

“Papa, turudi?” mama akauliza.

“Mama, kurudi ni mbali kuliko kufika.”

Alifunga tochi kwenye usukani kwa kipande cha mpira, akaenda polepole, miguu ikigusa matope. Hofu yake kubwa haikuwa mashimo. Katika wilaya hizi, pikipiki isiyo na taa ikikaribia kizuizi usiku inaweza kudhaniwa ni ya adui. Alisimama kwa mbali, akapaza sauti, akasema yeye ni nani na amebeba nani. Waliachwa wapite. Mtoto alipata dawa.

Asubuhi alimwendea fundi, akaomba ampuli mpya. Mwezi huo alikuwa amekwisha kununua mbili, na kila mara taa ilirudi siku moja tu. Fundi, muzee wa makamo, akakataa kuuza. Aliitoa ile ampuli, akaigusisha kwenye betri ya volti 12: ikawaka. Zile mbili zilizotupwa kwenye mfuko zikawaka pia. Pesa ya chakula cha watoto ilikuwa imepotea bure.

Kisha muzee akawasha injini, akazungusha usukani kushoto na kulia. Taa ikawa inawaka na kuzimika. Ugonjwa ulikuwa kwenye shingo ya usukani: waya umesuguliwa miaka mingi, nyuzi za shaba zimekatika karibu zote, zimebaki mbili tatu zenye kutu ya kijani. Kila alipobadilisha ampuli, mkono ulitikisa waya, nyuzi zikagusana kwa muda. Muzee alikata sehemu mbovu, akaunga, akafunga utepe, akauacha waya ulegee kidogo ili usivutwe tena.

Wamotari wa Masisi na Walikale wanaweza kufuata njia hiyo hiyo. Jaribu ampuli kwanza kabla ya kununua nyingine. Angalia fyuzi, ikiwa imeungua, usiifunge kwa karatasi ya sigara, maana waya zinaweza kuwaka moto. Tazama waya wa shingoni, kisha ule unaoshikamana na chuma cha pikipiki, uusugue matope na kutu. Kama ampuli zinaungua kweli, moja baada ya nyingine, mwambie fundi apime kidhibiti cha umeme: injini ikivuta, betri isipate zaidi ya volti 15 hivi.

Tangu mwanzo wa 2025, familia nyingi zimerudi vijijini kutoka kambi za kando ya Goma, na nyingine zimehama tena. Mgonjwa hachagui saa. Kwa mama aliye nyuma ya pikipiki, waya mmoja mzima ni sehemu ya safari ya kufika salama.