Kutoka Upanga hadi Coco kwa mguu mmoja na nusu

Kama unalijua Daraja la Tanzanite kwa kupigia picha za jioni tu, msomaji wangu, bado hujalijua. Lipite kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi, tena kwa mguu mmoja na nusu kama mimi, ndipo utalijua.

Daraja hilo lilianza kutumika mwaka 2022. Limekatiza baharini kwa zaidi ya kilomita moja, kutoka upande wa Upanga hadi Oysterbay, na lina njia ya waenda kwa miguu. Ukielekea Coco, kulia ni Bahari ya Hindi na jua linachomoza. Kushoto utaona daraja la zamani la Salenda na mikoko, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini. Kijana mzima hulimaliza kwa robo saa. Mimi natumia dakika 40, na mwanzoni ilikuwa saa nzima na ushee.

Kiharusi kilinipata nikiwa na miaka 34. Mtaani walisema nimerogwa. Wapi! Presha ilipanda, mshipa wa damu kichwani ukaziba, upande wangu wa kushoto ukalala. Bahati yangu, nyumbani waliniwahisha hospitali. Nawe ukiona mtu kapinda mdomo ghafla, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, usingoje kesho.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, ila sehemu nyingine zinaweza kufundishwa kazi yake, kwa kurudia jambo lile lile mara elfu. Miezi ya mwanzo unaona mabadiliko upesi. Baadaye yanakuja taratibu mno, na hapo ndipo wengi tunapotaka kukata tamaa. Mimi nikalichagua daraja, kwa kuwa sakafu yake imenyooka na ukingo wa kushika upo.

Vidonge vya presha navyo havina mahafali. Ukijisikia safi, unameza. Ukijisikia hovyo, unameza.

Halafu kuna ulabu. Pombe hupandisha presha, kwa hiyo nimeuacha, na huu ni mwaka wa pili. (Mnywaji wa kila siku asikate ghafla kimya kimya, anaweza kupata hata degedege. Amwone daktari kwanza.) Kuacha Jumatatu si kazi, bwana. Kazi ni wikiendi, na daraja langu linaishia Coco, ambako muziki wa Jumamosi usiku mara nyingine unakutana na alfajiri.

Jumapili moja niliwakuta washikaji zangu wa zamani pale ufukweni, bado hawajalala.

"Mzee mzima! Njoo upate moja tu, ichangamshe mshipa!"

Nilikuwa nimechoka, mguu unatetemeka, na chupa ilikuwa ya baridi. Nisikudanganye, mate yalinijaa. Nikawaaga, nikasogea kwa kijana wa madafu. Yeye huniamkia shikamoo kwa sababu ya fimbo, ingawa tumepishana miaka michache tu. Akalikata dafu, akanishikia mpaka mkono wa kushoto ukalipata. Siku hiyo nililibeba kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza tangu niugue.

Mmoja wa wale washikaji akanifuata, akakaa mchangani. "Hivi, presha wanapima wapi?" Nikamwambia hata zahanati ya mtaani kwao wanapima, na ikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, ajue kuna kazi. Wiki iliyofuata alinipigia simu kunitajia zake. Zilikuwa juu.

Basi nawe kapime, ujana si kinga. Na siku ukipita pale darajani ukamwona mtu anaburuza mguu, usimwonee huruma. Msalimie, kisha umpishe upande wenye ukingo.