Nishani ya Aliyeokoa

Tangu zama za mikuki na ngao, askari amesifiwa kwa maadui aliowaangusha na ngome alizoziteka. Sifa hiyo ina haki yake, kwa maana taifa lisilo na watu wa kulipigania haliwezi kudumu. Hata hivyo ipo nishani iliyozaliwa jijini Kigali ambayo hutolewa kwa kipimo kingine: ni watu wangapi wako hai kwa sababu askari fulani alikuwapo?

Wakazi wa Niboye, kata iliyomo katika wilaya ya Kicukiro, wanakielewa kipimo hicho bila kufundishwa. Mwezi wa Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu wapatao 2,000 na zaidi walikimbilia shule ya ufundi ya Kicukiro, iliyojulikana kwa jina la ETO. Waliichagua kwa kuwa askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walipiga kambi humo. Tarehe 11 Aprili askari hao walipewa amri ya kuondoka, nao wakaitii. Magari yao yalipokwisha kutoka, wauaji waliokuwa wakingoja nje wakaingia. Wengi wa wakimbizi wale wakaswagwa kama mifugo hadi Nyanza ya Kicukiro na kuuawa huko. Wachache walionusurika waliokolewa na wapiganaji wa RPF. Mahali hapo leo pana kumbukumbu, na kila mwaka watu hukusanyika kuwaombolezea.

Katika siku hizo hizo, alikuwapo Kigali afisa mmoja wa Senegal, Kapteni Mbaye Diagne, mwenye umri wa miaka 36. Alikuwa mwangalizi wa kijeshi, na mwangalizi hachukui silaha. Tarehe 7 Aprili, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alipouawa, kapteni huyo aliwaficha watoto wake, kisha akawafikisha katika hoteli ya Mille Collines. Toka siku hiyo hakupumzika. Alipita mitaani akiwachukua watu watatu, wanne au watano kwa safari moja, kwa kuwa gari lake halikuweza kuficha zaidi. Kila safari ilimpitisha kwenye vizuizi vingi vilivyolindwa na wauaji wenye mapanga na bunduki. Kinga yake ilikuwa ni ulimi wake mcheshi, sigara alizogawa, na uso usioonyesha hofu. Walinda amani hawakuwa wameruhusiwa kufanya kazi ya namna hiyo. Kamanda wao, Jenerali Roméo Dallaire, alizijua safari hizo, wala hakumzuia.

Tarehe 31 Mei 1994, akiwa peke yake garini, amebeba ujumbe wa kumpelekea jenerali, kombora lilianguka nyuma ya gari lake kwenye kizuizi kimoja. Vipande vyake vilimpiga kichwani, akafa papo hapo. Zilikuwa zimebaki siku chache tu arudi nyumbani kwa mkewe na watoto wake wawili. Waliookolewa naye wanahesabiwa kwa mamia.

Heshima zilikuja taratibu. Tarehe 4 Julai 2010, Rwanda ilimtunuku nishani ya Umurinzi, ile ambayo taifa hilo huwapa waliopambana kuyakomesha mauaji ya kimbari. Tarehe 8 Mei 2014, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kuanzisha nishani ya ushujaa wa pekee yenye jina lake, na mwaka 2016 familia yake ikaipokea ya kwanza jijini New York.

Nishani hiyo imekwisha kufika karibu zaidi na nyumbani. Mwezi wa Novemba 2018, karibu na Beni, mashariki ya Kongo, walinda amani wa Malawi na Tanzania walipambana na waasi wa ADF. Koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, asiweze kutembea. Askari Chancy Chitete wa Malawi alimburuta hadi mahali pa salama na kumpa huduma ya kwanza. Katika kufanya hivyo yeye mwenyewe alipigwa risasi, akafa. Koplo yule alipona. Mwaka 2019 familia ya Chitete ilikabidhiwa nishani ya Kapteni Mbaye Diagne.

Utii ni uti wa mgongo wa jeshi na polisi, na hakuna kikosi kinachoweza kusimama pasipo huo. Lakini yaliyotokea ETO yanaonyesha kwamba amri yaweza kutiiwa barabara, na watu waliotegemea ulinzi wakaangamia. Kwa sababu hiyo anayetoa amri amebeba mzigo mzito kuliko anayeitii, na askari anayeona njia ya kuokoa roho hana budi kuitafuta kwa akili na moyo wake wote.

Mara nyingi nishani ya namna hii hupokewa na mjane au mzazi. Huwekwa kabatini, na siku moja mtoto huuliza baba aliua wangapi hata akapewa. Heri nyumba ambayo mama aweza kuketi na kumjibu: mwanangu, hii alipewa kwa ajili ya waliobaki hai.