Kasoro Katika Waya wa Atomu

Neno "kasoro" hutumiwa sana na sisi walimu, nami nimelisikia likitamkwa juu ya watoto hata moyo wangu umeliogopa. Kwa hiyo nalifurahi kusoma jinsi wataalamu wanavyolichunguza jambo hilo katika vitu vidogo mno.

Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, waliofanya kazi karibu na Zurich katika Uswisi, walitengeneza chombo chenye ncha kali sana. Ncha hiyo hupitishwa juu ya kitu bila kukigusa, elektroni zikivuka ule mwanya mdogo, na hivyo atomu moja moja huonekana. Mwaka 1986 walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Nobel. Kwa chombo hicho huonekana atomu za indiamu zilizojipanga juu ya silikoni kama nyaya, kila waya ukiwa na upana wa atomu nne tu.

Katika waya mnene elektroni hukizunguka kizuizi, kama siafu wazungukavyo jiwe. Lakini waya wa atomu ni kama ulalo juu ya mto: likitokea pingamizi katikati, pa kuzungukia ni haba. Ndiyo sababu atomu moja iliyokosekana, au moja ngeni iliyoingia, ina nguvu kubwa.

Tena iko ajabu nyingine. Waya huo wa indiamu hupitisha umeme katika joto la kawaida. Ukipozwa hata karibu digrii 150 chini ya kiwango cha maji kuganda, atomu hubadili mpango wake, na umeme haupiti vema tena. Zikitiwa atomu chache za haidrojeni, badiliko hilo hukawia, likataka baridi zaidi. Zikitiwa za oksijeni, hutokea mapema, kabla ya baridi hiyo. Zote mbili ni kasoro, wala kazi yake si moja.

Atomu si mtoto, wala sitaki kuvilinganisha kupita kiasi. Lakini wataalamu hao hawaishii kuhesabu kasoro. Huuliza kila moja ni ya namna gani, imekaa wapi, nayo yawafanyia nini majirani. Mwalimu aandikaye "ana kasoro" katika taarifa ya mtoto, kisha akafunga kitabu, hajaanza kazi yake. Mtoto huyo ana jina, ana mahali pake katika safu, na yamkini wenzake wamebadilika kwa ajili yake, nasi hatukuangalia. Tumwombe Mungu macho ya kuyaona hayo, kabla hatujamwondoa ye yote darasani.